Chogo Lilipokatwa: Njia za Sauti kutoka Santuri hadi Upau

Mafundi wa redio wa Ngamiani niliowakuta ujanani mwangu hawakuwa na kamusi ya ufundi mezani, bali walikuwa na vitenzi. Mteja alipofika na redio kwapani hakuulizwa imeharibika nini, kwa kuwa hilo ndilo alilokuja kuuliza yeye. Aliulizwa inafanyaje. Je, inavuma? Inakwaruza? Inakoroma? Inakatikakatika? Au imenyamaza kabisa? Kila kitenzi kilikuwa na maradhi yake. Inayovuma hata pasipo mtu kusema imeingiliwa na umeme usiostahili kupita katika njia ya sauti. Inayokwaruza unapozungusha swichi ya kuongezea sauti ina vumbi ndani ya swichi hiyo. Inayokoroma imepasuka karatasi ya spika. Inayokatikakatika ina waya ulioachia. Iliyonyamaza ndiyo iliyomkunisha fundi kichwa, maana kimya hakijielezi: huenda umeme haufiki, huenda spika imekufa, au huenda sauti ipo nzima ila imepelekwa pengine.

Sababu hii ya mwisho zamani ilikuwa nadra. Siku hizi, kwa ninavyoona katika nyumba za mitaa yetu, imekuwa ya kwanza. Kijana hununua kile kifaa kirefu chembamba kinacholazwa chini ya televisheni ili kuikuza sauti yake, akakichomeka, kikawaka taa, kisha kisitoe hata mnong'ono. Kifaa ni kizima, televisheni nzima, waya mzima. Kilichopotea ni njia. Nami naona kwamba ugumu wa jambo hili kwa kiasi kikubwa ni ugumu wa lugha, na kwamba historia ya sauti katika pwani yetu inaeleza umetoka wapi.

Ulikuwapo wakati ambapo sauti haikuwa na mahali pa kupotelea. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa nyimbo zao, na sahani za santuri zilizotoka huko zikaenea pwani nzima. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, aliyaona maisha ya mwimbaji huyo kuwa yanastahili kitabu, akamwandikia wasifu. Chombo cha kuzipigia sahani hizo watu walikiita kinanda cha santuri, au kinanda tu. Neno lenyewe lilikuwa na umri mkubwa kuliko chombo: kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, kisha Wazungu walipoleta piano na ogani zao nazo zikaitwa vinanda, na santuri ilipofika ikapewa jina lililokuwa tayari mlangoni. Hakuna kamati iliyokaa. Watu waliuliza kitu hiki kinafanya nini, wakajibu kwamba kinaimba.

Ndani ya kinanda hicho cha kutiwa ufunguo hapakuwa na umeme. Sindano ilipita katika mifuo ya sahani, mtikisiko wake ukafika kwenye kiwambo chembamba, na pembe, iwe ya nje kama ua la mboga au iliyofichwa ndani ya sanduku, ikaikuza sauti hadi barazani. Sauti ilizaliwa mle na kutokea mle mle. Kikinyamaza, ama sahani imepasuka, ama sindano imeisha, ama springi imekatika. Njia ilikuwa moja.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilikuwa na kitu ambacho kinanda cha santuri hakikuwa nacho: kikuza sauti cha umeme na spika iliyokoza. Kwa hiyo huko Marekani walikuwa wamekwisha kujiuliza kwa nini santuri isiazime spika ya redio. Kampuni ya Radio Corporation of America ikabuni plagi ndogo ya duara yenye ncha katikati, ili santuri ichomekwe nyuma ya redio. Herufi za jina la kampuni hiyo, RCA, zingali jina la plagi hiyo hadi leo. Ndizo zile za nyaya za rangi tatu tulizozoea nyuma ya deki za video, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti ya kushoto na ya kulia.

Plagi hiyo ilileta mgawanyo ambao haukuwapo kabla yake. Kuanzia hapo chombo kilichozaa sauti na chombo kilichoitoa vikawa viwili, na mwenye nyumba akalazimika kujua lipi ni tundu la kuingilia na lipi la kutokea. Matundu yenyewe yanafanana. Ukichomeka waya kutoka tundu la kutokea la chombo kimoja hadi tundu la kutokea la kingine, havitaungua, havitalia king'ora. Vitakaa kimya tu, kama wageni wawili kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kusalimu.

Tanga iliyajua haya mapema kwa sababu ya muziki. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club, na baada yake Lucky Star, walifanya jambo ambalo wapenzi wa taarabu ya Unguja hawakulitarajia: walipunguza ukubwa wa kikundi, wakaleta gitaa la umeme na besi, wakaitia taarabu mwendo wa kuchezeka. Sauti ya Shakila ilipita katika nyaya hizo kabla ya kufika masikioni mwa watu. Nalo neno kinanda likahama tena, likahamia kwenye ogani ya umeme iliyobebwa na vikundi vya aina hiyo. Walioshughulika na vyombo kumbini walisema kwa Kiswahili chepesi: waya wa kuingilia, waya wa kutokea, huu unapeleka, huu unaleta. Harusini mtu aliyetaka kumbukumbu aliweka redio kaseti yake mbele ya spika na kubonyeza. Hiyo nayo ni njia ya kuunganisha vyombo viwili, ya hewa tupu, na kanda nyingi za taarabu za miaka ile zina kikohozi cha waalikwa na vigelegele vya kina mama juu ya mashairi.

Lugha rasmi ilikuja kwa mlango mwingine. Tulipewa kipaza sauti, neno zuri lililoundwa kwa uhodari, lakini tazama linavyotumika: kile anachokishika msemaji mkononi ni kipaza sauti, na lile pembe lililofungwa juu ya mnara nalo ni kipaza sauti. Kimoja kinapokea, kingine kinatoa. Vimesimama katika ncha mbili za njia moja, tukavipa jina moja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limefanya kazi kubwa ya istilahi, nami niliyezifundisha kwa miaka mingi siwezi kuibeza. Lakini kwa muda mrefu tumeunda majina ya vyombo na kusahau majina ya njia. Fundi hahitaji sana kujua sanduku linaitwaje. Anahitaji neno la kinachopita ndani ya waya na upande kinakoelekea.

Televisheni nayo ilichelewa kutufikia bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja. Hapa tulingoja hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Masanduku tuliyonunua wakati huo yalikuwa mazito, yana kioo mbele na nyuma yametokeza. Vijana wa leo wanayaita TV za chogo. Nalipenda jina hilo kuliko istilahi yoyote ninayoijua ya chombo hicho, kwa maana lina macho na lina mzaha. Lakini lina na elimu ndani yake ambayo waliolitunga huenda hawakuikusudia. Chogo lile lilitokana na bomba la kioo la kuonyeshea picha, ambalo halikuweza kuwa fupi. Kwa kuwa sanduku lililazimika kuwa kubwa, spika ilipata mahali pa kukaa na hewa ya kupumulia nyuma yake, na mara nyingi ilimwelekea mtazamaji uso kwa uso. Sauti ilikuwa mpangaji wa bure katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya picha.

Televisheni bapa zilipokuja, chogo likakatwa. Picha haikuhitaji tena chumba cha nyuma, na mpangaji akafukuzwa. Spika zikafanywa ndogo na nyembamba, zikageuzwa kuelekea chini au nyuma ukutani. Picha ikang'aa kuliko wakati wowote. Maneno yakawa yanasemwa ukutani kwanza, ndipo yakaturudia sisi.

Hapa wapenzi wa ushairi tuna la kupoteza. Kina katika shairi la Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake: -ma haikai kina kimoja na -na, wala -ba na -da. Irabu ni nene, hubebwa na spika yoyote ile. Konsonanti ndizo dhaifu, na zinazozitofautisha ni sauti nyembamba za juu, zile zile ambazo sikio la mzee huanza kuzipoteza. Spika mbovu na sikio la uzee vikikutana, irabu zinabaki na konsonanti zinakwenda. Kuongeza besi ya sabufa, kama wapendavyo wajukuu, huzizamisha zaidi.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyepita miaka 80 na anayejua tenzi ndefu kwa moyo, aliniambia jioni moja tulipokuwa tukitazama kipindi cha mashairi, "Mwalimu, vijana wenu hawa hamkuwafundisha kina. Kamsikilize huyu, kafunga kwa -na ubeti mzima, kisha kaja kumalizia na -ma." Nikasogea hadi karibu na televisheni, nikasikiliza. Kijana hakuwa amekosea. Spika ndiyo iliyovunja kina chake. Mzee alikuwa amekwisha kukihukumu kizazi kizima kwa ushahidi wa spika mbili zilizogeukia ukutani.

Upau wa sauti alikuwa nao, tena ametumiwa na mwanawe aliyeko Muscat. Ulikuwa kabatini mwezi wa pili, kwa sababu "haufanyi kazi". Tuliutoa, tukautazama waya wake wa mwanga, na kwenye ncha moja tukakuta kifuniko kidogo cha plastiki angavu ambacho kiwandani huwekwa kuilinda ncha hiyo. Hakuna aliyekitoa, kwa kuwa hakionekani. Baada ya hapo likabaki jambo moja ndani ya televisheni, nitalieleza, na usiku huo akasikia. Alisikiliza washairi kadhaa kwa makini. Kati yao mmoja tu, akasema, ndiye aliyevunja kina kweli, na hakumsamehe.

Neno upau silo langu. Waliotafsiri programu za kompyuta walikwisha kulitumia kwa ule mstari wa alama unaokaa juu ya kioo, nao walilichukua kwenye paa la nyumba zetu: makombamoyo hutangulia, pau hufungwa zikiyakingama, kisha makuti yakashikishwa juu yake. Chombo kirefu chembamba kinacholala kukingama chini ya televisheni kinastahili jina hilo. Mtaani watu husema saundi baa, au huita kila kitu sabufa hata pasipo na besi ndani yake. Sina ugomvi nao, ila upau unanipendeza.

Sasa njia. Sauti ya televisheni ya leo mara nyingi hupita mikono mitatu. Ya kwanza ni ya king'amuzi, kifaa kilichoingia majumbani wakati mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam mwisho wa 2012 na Tanga miongoni mwa miji iliyofuata mwaka 2013. (Hilo ni neno lililofaulu, kwa kuwa kung'amua ndiko kazi yake hasa.) Mkono wa pili ni televisheni, wa tatu ni upau. Sauti ikikwama, anza ilikozaliwa. Hakikisha king'amuzi chenyewe hakijapunguzwa sauti, maana wengi huipunguza pale kisha wakahangaika kuiongeza kwingine, ikawa ya mbali na yenye kuvuma. Kisha uulize upau unasikiliza upande gani. Una kitufe cha kuchagulia, na ukiwa umeachwa kwenye Bluetooth hautajali waya uliochomeka. Mara nyingine simu ya mjukuu chumba cha pili ndiyo iliyoushika.

Waya unaotatiza zaidi ni wa HDMI. Ulitolewa mwaka 2002 kubeba picha na sauti pamoja, na ulikuwa wa mwendo mmoja: kutoka king'amuzi au deki kuingia kwenye televisheni. Sauti ya kutoka televisheni kwenda kwenye spika ilihitaji waya mwingine, na kwa kawaida ulikuwa ule wa mwanga, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983. Mwaka 2009 toleo la 1.4 la HDMI likaongeza njia ya marejeo: waya ule ule unaoingiza picha kwenye televisheni ukaweza kuirudisha sauti nyuma. Herufi zake ni ARC, na toleo lake pana zaidi, eARC, likafuata mwaka 2017. Waja leo, waondoka leo, kama usemavyo msemo wa mji wetu. Lakini televisheni nyingi zina matundu mawili au matatu ya HDMI, na ni moja tu lenye herufi hizo. Ukichomeka upau kwenye tundu jingine, unauweka mahali ambapo sauti huingia tu wala hairudi. Ningependa tuliite tundu la marejeo. Mtu akiambiwa "chomeka kwenye tundu la marejeo" ataelewa kwa nini, wala hatakariri herufi asizozijua.

Tundu likiwa sawa na kimya kingalipo, vyombo havijasalimiana. Vifaa vya HDMI huulizana hali kabla ya kupeana sauti, na televisheni nyingi haziifungui njia ya marejeo mpaka ruhusa ya vifaa kuamrishana iwashwe. Hapo kampuni zimetutesa kwa majina, kwa kuwa jambo hilo moja, CEC, Samsung huliita Anynet+, LG huliita SimpLink, Sony huliita Bravia Sync. Anayelalamika kwamba Kiswahili kina leso na kanga kwa kitu kimoja na atazame hayo. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, salamu zenyewe huvurugika. Dawa ni kuvichomoa vyombo vyote ukutani, kungoja dakika moja au mbili, kisha kuvichomeka upya.

Jambo lililobaki kwa yule mzee lilikuwa la lahaja. Televisheni inaweza kuitoa sauti ikiwa imefungwafungwa kwa mitindo kama Dolby Digital, na upau usioijua lahaja hiyo hunyamaza, au hukwaruza. Ndani ya mipangilio ya sauti ya televisheni kuna mahali pa kuchagua PCM, ambayo ni sauti iliyo wazi, isiyofumbwa. Kwa spika mbili za kushoto na kulia hutapoteza kitu cha kukuhuzunisha. Hapo hapo chagua pia kwamba sauti itokee nje, si kwenye spika za televisheni. Kwa waya wa mwanga, toa kifuniko, chungulia kama ncha inatoa taa nyekundu, na usiukunje kama kamba ya katani, kwa kuwa ndani mna uzi wa kupitisha mwanga. Ukitumia njia hiyo, rimoti ya televisheni mara nyingi haitaongeza wala kupunguza sauti. Hilo si kosa. Tafuta rimoti ya upau. Nao upau wenyewe, ukiwa na kitufe cha kukuza maneno, kibonyeze, ushushe na besi, ili konsonanti zipate nafasi.

Liko kosa moja ambalo mafundi wangu wa zamani hawakuwa na kitenzi chake, kwa sababu redio haina mdomo wa kutazamwa. Sauti inayopita kwa Bluetooth hufungwa, hurushwa, hufunguliwa, na katika safari hiyo huachwa nyuma na picha. Msomaji wa shairi amekwisha kufumba mdomo ndipo kina kinasikika. Dawa ni kurudi kwenye waya, au kutafuta katika mipangilio pale pa kurekebisha kuchelewa kwa sauti. Jina lake bado linatafutwa. Fundi mmoja kijana wa hapa Ngamiani husema sauti "inamfuatia mdomo", na mwenzake wa barabara ya pili husema "inakokotwa". Mimi niko upande wa huyo wa pili, maana kinachokokotwa kimefungwa kamba, na kamba hiyo mtu anaweza kuifupisha.